Anwani ya Ndani

Bwana Hamadi alipofariki, mtu mmoja alifungua kundi la simu la watumishi wa zamani wa taasisi yetu ya Bagamoyo, na kabla hata hitima haijasomwa nilikwisha kuombwa niandike maneno machache ya kumkumbuka. Ombi lilikuja kwa adabu zote: wewe ndiye uliyekuwa msaidizi wake katika mitambo, unaijua kazi yake kuliko sisi, tuandikie jinsi alivyotuletea barua pepe. Nilikaa na simu mkononi, nikiyasoma waliyoandika wenzangu. Mmoja alimwita baba wa mtandao wa pwani. Mwingine alisema marehemu alikuwa mpole, hakupata kumpandishia mtu sauti, na hilo ni kweli tupu: sikumsikia akipandisha sauti hata siku ambayo ingempasa aipandishe. Niliandika kwamba Mwenyezi Mungu amrehemu, nikaishia hapo. Yaliyobaki nayaandika humu, kwa kuwa hayana nafasi katika kundi la rambirambi, na kwa kuwa mwaka ule wa kuletwa barua pepe ndio ulionifanya niwe mtu niliye, jambo ambalo silisemi kwa shukrani.

Taasisi ilishughulika na mwani, ule unaolimwa baharini kwa kamba na vigingi, na ofisi zake zilikuwa katika jengo lililoachwa na mradi mwingine, vyumba vikiwa vimegawanywa kwa mbao nyembamba kiasi kwamba mtu akikohoa kwa mhasibu, mpokea wageni humwambia pole. Chumba cha seva, ile mashine ya kupokea na kutunza barua zetu, zamani kilikuwa stoo ya jiko. Kwa sababu mashine ile haikutakiwa kupata joto, ndicho chumba pekee kilichokuwa na kiyoyozi kinachonguruma kutwa nzima, na kwa hiyo kila mtu alikihesabu kuwa jokofu lake. Asubuhi nilifungua mlango nikazikuta chupa za mtindi juu ya betri za akiba, mifuko ya changu na kolekole imening'inizwa kwenye msumari, na kreti ya soda ya Mkurugenzi imesukumwa chini ya meza yangu. Nilitoka chuo kikuu na shahada yangu, na kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kuhakikisha kwamba maji ya samaki hayadondokei nyaya. Nilicheka wakati ule. Mwenzangu Mwanaidi ndiye aliyenifundisha kucheka, aliingia na kanga yake iliyolowa chumvi, akauvuta mfuko wake wa chakula kutoka nyuma ya seva, akasema, "Shoga, leo mashine yako imenitunzia pweza. Hii ndiyo faida ya teknolojia."

Mwanaidi alikuwa mtafiti mdogo. Kutwa alisimama ndani ya maji pamoja na wanawake wa Mlingotini, akitafuta sababu ya mwani wao kupauka na kukatika kabla ya kuvunwa. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Bi Salma, mjane mwenye asili ya Omani aliyeuza vitambaa sebuleni kwake na kupangisha ua wa nyuma. Jioni tulikula naye ukumbini, juu ya mkeka, muhogo wa nazi au mkate wa kumimina na mchuzi uliobaki mchana, naye akituuliza habari za kazi kama anayeuliza habari za wagonjwa. Mwaka ule Mwanaidi alikuwa ameomba ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya uzamili ng'ambo, mahali palipokuwa na maabara ya ugonjwa ule wa mwani. Umri wa mwisho kwa waombaji ulikuwa umri wake; mwaka uliofuata asingeruhusiwa hata kujaza maombi. Wafadhili walitaka anwani ya ofisi, siyo hizi anwani za bure ambazo kila mtu hujifungulia, na mawasiliano yote yangepita hapo. Aliandika anwani ya taasisi. Akaanza kungoja.

Naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jambo lenyewe ni jepesi kuliko lilivyofanywa. Kila taasisi yenye jina lake kwenye mtandao huandikisha mahali ambapo barua zake zifikishwe. Maandishi hayo huitwa rekodi, nayo hukaa katika orodha ya dunia nzima iitwayo DNS, ambayo mashine yoyote, iwe Tanga au Ulaya, huiuliza kabla ya kutuma barua. Seva yetu ilikuwa nyuma ya fayawoli, ule mtambo unaosimama baina ya ofisi na ulimwengu na kuamua nani aingie, nani arudi alikotoka. Kwa hiyo ilikuwa na anwani mbili. Ya nje ilijulikana na dunia nzima, na barua iliyobisha hapo ilipokewa na fayawoli, ikapitishwa ndani. Ya ndani ilikuwa na maana ndani ya kuta zetu tu. Kumpa mtu wa nje anwani ya ndani ni kama kumwambia mgeni aliyeshuka basi Chalinze kwamba wewe unakaa chumba cha pili baada ya stoo.

Kampuni iliyotoka Dar es Salaam kutufungia mitambo iliandika rekodi sawasawa, ikaondoka. Lakini Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa salamu. Kila asubuhi, badala ya kupita chumba hadi chumba kama zamani, aliwaandikia watumishi wote salamu kwa barua pepe, na kila mtumishi alipaswa kujibu "Shikamoo Mkurugenzi" kabla ya kushika kazi nyingine. Asiyejibu alihesabiwa kuwa amechelewa au amekosa adabu. Asubuhi ya kwanza ya seva mpya salamu hazikufika. Mashine zetu ziliuliza anwani, zikapewa ya nje, zikaenda mpaka kwenye fayawoli na kujaribu kurudi ndani kupitia mlango uleule, nayo ikazikatalia. Kesho yake ilikuwa siku ya uzinduzi, bodi inakuja, masufuria ya pilau yamekwisha kukodishwa. Bwana Hamadi, mkuu wa mitambo, ambaye peke yake alikuwa na neno la siri la kubadilisha rekodi, aliingia akaifuta anwani ya nje, akaandika ya ndani. Salamu zikafika. Mkurugenzi akafurahi, pilau ikaliwa, na Bwana Hamadi akapigwa picha akiwa ameuweka mkono juu ya seva kama mtu aliyesimama na ng'ombe wake.

Tangu siku hiyo tuliweza kuwaandikia watu wa nje, ila wao hawakuweza kutujibu. Hakuna aliyetambua, kwa sababu kila asubuhi salamu zilikuja na marahaba zikarudi, na ofisi nzima ilichukulia kwamba barua ni nzima. Ukimya wa nje ulipewa tafsiri nyingine. Niliwasikia kupitia mbao wakisema kwamba watu wa wizarani wana dharau siku hizi, kwamba wanunuzi wa mwani wamepata wengine. Alipopiga simu mtu wa Dar kulalamika kuwa barua yake imerudishwa, Bwana Hamadi alimjibu kwa upole wake uleule, "Tatizo litakuwa kwenu, ndugu yangu. Sisi huku zinafika kama kawaida." Nyumbani, Bi Salma alimtazama Mwanaidi akisukumasukuma muhogo kwenye sahani, akamwambia, "Mwanangu, barua isiyo na karatasi wala stempu, unaingojea kwa imani gani? Bora ungengojea mchumba, huyo angalau hukohoa akifika mlangoni." Mwanaidi alicheka mpaka akapaliwa. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka namna ile.

Nilipata mashaka, nikaenda kwenye duka la mtandao karibu na soko, nikaketi baina ya vijana waliokuwa wakitazama mipira, nikaiuliza DNS kuhusu jina letu kama ambavyo mtu wa nje angeuliza. Ikanijibu anwani ya ndani. Nilimwita Mwanaidi, na palepale akawaandikia wafadhili kwa anwani ya bure niliyomfungulia. Jibu lilikuja kabla hatujainuka: kwa usalama wa waombaji, taarifa hutumwa katika anwani iliyosajiliwa tu, na tayari zimekwisha kutumwa, anayetaka kubadilisha anwani ajaze fomu iliyoambatanishwa, itiwe saini na mkuu wa taasisi yake. Tuliichapa fomu. Tuliamini, na leo naona aibu kwa niaba ya wasichana wale wawili, kwamba tatizo limekwisha, maana kilichobaki kilikuwa saini tu.

Asubuhi tuliingia kwa Mkurugenzi pamoja.

"Shikamoo Mkurugenzi."

"Marahaba, Saada. Marahaba, Mwanaidi. Karibuni mkae. Mmekuja wawili wawili, kuna harusi?"

"Ni saini, Mkurugenzi," Mwanaidi akasema, akaiweka fomu mezani. "Niwaombe wafadhili wanitumie majibu kwa anwani nyingine."

"Hii ya kwetu ina nini?"

Nikaeleza. Nilieleza kwa uangalifu, bila kumtaja Bwana Hamadi, nikasema tu kwamba rekodi imeelekezwa ndani, na kwamba dawa yake ipo: tuweke majibu mawili, anayeuliza akiwa ndani apewe anwani ya ndani, anayeuliza akiwa nje apewe ya nje. Salamu zitafika na barua za nje zitafika. Mkurugenzi alinisikiliza huku akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima, kisha akaita, "Hamadi!" na Bwana Hamadi, aliyekuwa chumba cha pili na bila shaka amesikia kila neno, akatokea mlangoni.

"Wasichana wanasema barua zako hazifiki."

"Hawa wametoka chuo juzi, Mkurugenzi," akasema, akatabasamu. "Hebu ngoja kidogo." Akarudi chumbani kwake. Tulisikia vidole vyake vikigonga vitufe, kisha mashine ya Mkurugenzi ikalia. Mkurugenzi akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Shikamoo Mkurugenzi." Akaangua kicheko. "Marahaba! Imefika hata sijavuta pumzi."

Nyuma ya mbao wengine nao wakacheka.

"Hiyo imetoka chumba cha pili, Mkurugenzi," nikasema. "Haikutoka nje ya ukuta."

"Na hizo za nje zinatoka wapi, mbinguni?" Akavua miwani. "Saada, wewe ni msaidizi wa nani hapa?"

"Wa Bwana Hamadi."

"Basi msaidie."

Fomu ilirudishwa bila saini, kwa sababu anwani haikuwa na kasoro, na mkuu wa taasisi hawezi kuweka saini yake chini ya jambo lisilo kweli. Ukumbini Bwana Hamadi alinifuata. Hakukasirika. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama baba, "Najua unachokisema, binti. Lakini mimi nimesimama mbele ya bodi nikasema kazi imekamilika. Niache, nitairekebisha polepole, pasiwe na maneno." Nimeishi na sentensi hiyo miaka mingi. Ningeweza kumsamehe mtu asiyejua. Nimefundisha vijana wengi kazi hii, wengi wao wameharibu mambo makubwa kuliko hilo kwa kutojua, nami nimeketi nao tukayatengeneza. Yeye alijua, na alilopima dhidi ya maisha ya Mwanaidi lilikuwa maneno ya watu.

Rekodi ilirekebishwa pale mwanamke mmoja kutoka kwa wafadhili wa taasisi yenyewe alipokuja Bagamoyo ana kwa ana, akiwa amefura, kwa kuwa barua zake zote zilikuwa zikirudi. Mchana huo Bwana Hamadi alikuja chumba cha seva, akafunga mlango, akaniuliza yale majibu mawili huandikwaje. Nilimwambia. Aliandika, nikasimama nyuma yake nikiangalia, na kazi yote haikuchukua muda wa chai kupoa. Kisha akatoka akamwambia mgeni kwamba watu wa mtandao wa Dar es Salaam walikuwa na hitilafu na yeye amewabana mpaka wakaiondoa. Mgeni akamshukuru. Barua za nje zikaanza kuingia, na miongoni mwa zile za mwanzo ilikuwa ya Mwanaidi. Alikuwa amekubaliwa. Alikuwa amekumbushwa. Alikuwa ameulizwa kama bado anahitaji nafasi. Yote hayo yalitajwa katika barua hiyo ya mwisho, iliyomwarifu kwamba kwa kutojibu kwake nafasi inapewa mwingine.

Alipiga simu ng'ambo kutoka dukani kwa Bi Salma, Bi Salma akisimama mlangoni kuwazuia wateja wasiingie na kelele zao. Upande wa pili walimsikiliza. Walisema wanaweza kuirudisha nafasi kabla wiki haijaisha, kwa sharti moja: taasisi iandike kwamba kosa la mawasiliano lilikuwa lake, mwombaji hakuhusika. Sentensi moja, yenye saini. Bi Salma alitoa sauti ya vigelegele, akajiziba mdomo, akatuambia tusimwambie mtu mpaka karatasi ipatikane, husuda zipo.

Siku iliyofuata niliketi kwenye kreti ya soda nikawasikia kupitia mbao wakilijadili ombi la Mwanaidi. "Tukisema lilikuwa letu," alisema Mkurugenzi, "yule mama atauliza na barua zake nazo." "Na sisi tumemwambia ni Dar," alijibu Bwana Hamadi. "Ndiyo hivyo. Tutaonekana waongo." Kisha Mkurugenzi akasema, kwa huruma ya kweli kabisa, huruma ambayo ningependa isingekuwepo, "Msichana mzuri. Ataolewa, atasahau." Niliandika maelezo yangu mwenyewe, nikayatuma kwa jina langu, na wafadhili wakanijibu kwa adabu kwamba msaidizi wa mitambo hawezi kuisemea taasisi.

Mkurugenzi aliona ni vema jibu litolewe mbele ya wote, kwenye kikao cha wiki, ili lisionekane la chuki. Alimwita Mwanaidi mwanangu. Alisema taasisi inamthamini, lakini haiwezi kujitia doa kwa ajili ya mtu mmoja. Mwakani ataomba tena.

"Mwakani umri utakuwa umenipita, Mkurugenzi," Mwanaidi akasema.

"Mwenyezi Mungu atakufungulia mlango mwingine. Tuseme amina."

Wote wakasema amina. Mwanaidi hakusema. Alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, akapita katikati ya viti akatoka nje, hakuomba ruhusa wala hakuaga.

Ningependa kuandika kwamba kuanzia hapo watu walizungumza juu ya nafasi iliyopotea. Hawakuzungumza. Vyumbani, kwenye foleni ya maji, mbele ya mlango wangu walipokuja kuchukua mtindi wao, habari ilikuwa moja tu. "Hakuaga!" "Mbele ya mtu mzima vile?" "Kasoma, lakini kalelewa na nani?" Hata waliojua kila kitu kuhusu rekodi, kwa kuwa niliwaeleza mmoja mmoja, walinisikiliza wakatikisa kichwa, wakasema ni kweli, ameonewa, lakini hakuaga. Maneno yalifika nyumbani kwao Mwanaidi. Mjomba wake alikuja kutoka Kiwangwa na kapu la mananasi, mtu mtaratibu mwenye kofia safi, akamchukua kwa Bi Salma akampeleka kuomba radhi. Bi Salma alijaribu kumzuia. "Mtoto ndiye aliyekosewa, baba!" Mjomba alimjibu, "Najua, dada. Lakini sisi tunabaki hapa."

Niliitwa niingie, kwa kuwa watu wote waliokuwapo kikaoni walitakiwa wawepo. Mananasi yaliwekwa pembeni. Mwanaidi alisema shikamoo, akasema alighafilika, akaomba radhi. Sauti yake ilikuwa sawasawa, haikutetemeka. Mkurugenzi alimwambia amekwisha kumsamehe tangu siku ileile, hana kinyongo, kisha akaagiza chai kwa wote. Bwana Hamadi alimsogezea sukari. Hakuna aliyegusa habari ya saini. Wiki ilikuwa imekwisha. Tulikunywa, mjomba akaeleza hali ya mvua huko kwao, Mkurugenzi akauliza habari za korosho. Mwanaidi alikimaliza kikombe chake. Kisha akainuka, akaanza kuaga: Mkurugenzi kwanza, kisha Bwana Hamadi, kisha wengine, mtu mmoja mmoja, kwa jina, kwa mpangilio wa umri, akimpa kila mmoja mkono na kungoja mpaka ajibiwe. Walifurahi. Mtu mmoja karibu nami alinong'ona, "Unaona? Adabu anayo." Aliponifikia mimi, wa mwisho, alinishika mkono kama alivyowashika wao, akasema, "Kwaheri, Saada," akatoka, na kesho yake chumba chake kwa Bi Salma kilikuwa kitupu.